Flou Iliyomuua Papa Nzabandora

Jumatatu, tarehe 6, mwezi wa kumi

Mvua tangu asubuhi. Plaque ya jua haina nguvu hata ya kuchaji telefone. Lakini moyo wangu uko juu, maana leo nimepata mpango. Mpango mkubwa!

Mambo iko hivi. Siku ya Mungu, Jumapili hii, nitakwenda kwa Papa Nzabandora kumwomba binti yake, Bibiche. Mama yangu amekubali kumtoa Bihogo, mtamba wetu wa pekee, awe mwanzo wa mahari. Kilichobaki ni Papa Nzabandora kuitika. Huyu baba, mkewe alishakufa, anaishi na Bibiche tu. Ni rais wa korali yetu hapa Nyamitaba, anaimba besi, na akikuangalia unasikia kama umeiba kitu. Tena kuna dada yake mkubwa, Mama Drocella, aliyeolewa Ntoto, kule Walikale. Katika jamaa ile hakuna msichana anayeolewa kama shangazi hajasema ndiyo.

Na kuna Christian. Dirigeant wa korali, yule anayetuongoza kwa mkono. Mrefu, meno meupe, shati imepigwa pasi hata siku ya kulima. Juzi nilimwona Bibiche akicheka naye kwenye kituo cha maziwa. Nikamuuliza alikuwa anachekea nini. Akajibu kwamba ng'ombe alikuwa amekula kofia ya mtu. Ati kofia! Mimi si mtoto.

Sasa, nani anatengeneza clip ya korali, ile video ya wimbo wetu? Mimi, Gustave Byukusenge, wa Studio Byukusenge, ng'ambo ya soko. Waimbaji wote nimeshawapiga picha mbele ya bâche ya kijani, yaani turubai, mmoja mmoja. Na ndani ya mashini, kompyuta yangu, nimejenga Yerusalemu Mpya: mlango wa dhahabu, ngazi, mto, mawingu. Humo njo nitawapanga. Papa Nzabandora mbele kabisa, mkubwa, wa heshima. Mimi pembeni yake, kama mkwe. Christian nyuma kabisa, karibu na mlango. Na juu yake nitatia flou.

Flou! Kama sinema za Wazungu. Aliye karibu unamwona hata kope za macho, aliye mbali anayeyuka. Hakuna atakayesema nimemwonea. Ni teknike.

Jumanne, tarehe 7

Nimepanda kilimani kutafuta rezo ya telefone, nimeangalia mafunzo ya flou. Kazi si ngumu. Mashini inatoa picha mbili za kitu kimoja. Ya kwanza ni ya rangi. Ya pili ni ya umbali, nyeusi na nyeupe tu, inaonyesha kila kitu kiko karibu ao mbali kiasi gani. Mwishoni unaziunganisha, unaiambia flou ifuate ile ya umbali. Basi!

Mwalimu wa video alisema kwanza uhakikishe kama nyeupe ni karibu ao ni mbali, maana mashini hazifanani. Hapo nikaruka. Anaongea polepole, na rezo inakula unité, pesa ya telefone. Nyeupe ni mbali, bila shaka. Kila asubuhi naamka nafungua mlango: majani ya mbele yako meusi, kilima cha nyuma kijivu, na kile cha mwisho kabisa kimekuwa cheupe kwa ukungu. Mimi ni mtu wa Masisi. Nani atanifundisha umbali?

Mchana Christian akaingia studio. Ameleta avoka. Akauliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia, kisha akaniomba nipandishe kidogo sauti za mama wa alto, wanalalamika. Mwishoni akauliza, kwa aibu, nimemweka wapi. Nikamwambia: mahali pa heshima sana, karibu na mlango wa mbinguni. Akanishukuru kwa mikono miwili! Nusura nimhurumie. Avoka nimekula.

Jumatano, tarehe 8

Jua! Kidogo, lakini jua.

Nimefanya haraka haraka. Ile picha ndogo ya majaribio kwenye mashini yangu siku zote iko na ukungu, maana mashini ni ya zamani, kwa hiyo sikuweza kuona flou imekaa wapi. Haidhuru. Namba zote nimeziweka kama zinavyotakiwa.

Tena leo akili yangu imefanya kazi ya ajabu. Élie, yule motard wa pikipiki, anakwenda Ntoto kuchukua mafuta ya mawese. Nikajiambia: Gustave, kwa nini shangazi asiione clip kabla ya siku ya Mungu? Amwone kaka yake amesimama mbele ya Yerusalemu, na pembeni yake kijana mzuri. Ataanza kuuliza: huyu kijana ni nani? Nikifika kuomba, shangazi atakuwa ameshanipenda!

Clip imemalizika Élie akiwa tayari anapiga honi nje. Nikaitia kwenye carte mémoire, nikamkimbilia. Batri ikafa palepale. Sikuiangalia, lakini kazi naijua.

Alhamisi, tarehe 9

Mama yangu! Mama yangu mimi!

Nimeichaji mashini kwa jirani, nimefungua clip. Nimeketi chini. Nimeifunga. Nimeifungua tena, ikawa ileile.

Nyeupe ni karibu.

Papa Nzabandora, pale mbele, mkubwa, wa heshima: wingu la kahawia. Mustachi hakuna. Macho hakuna. Anafungua mdomo kuimba, unaona giza linapanuka na kurudi. Mimi pembeni yake ni wingu lingine, dogo zaidi. Waimbaji wa katikati unawatambua ukikaza macho. Lakini kule nyuma, kwenye mlango wa dhahabu, mtu mmoja tu anang'aa kama sahani iliyooshwa. Christian! Kope zinaonekana! Pasi ya shati inaonekana! Na si hiyo tu. Flou haikujua nywele zake zinaishia wapi na dhahabu inaanzia wapi, ikamwaga mwanga kuzunguka kichwa. Duara. La dhahabu. Kama watakatifu wa pale kanisani.

Nimempa Christian utakatifu kwa mkono wangu.

Nimejaribu kupiga Ntoto. Rezo ya kule imekufa tangu Jumatatu. Jioni nikajituliza. Shangazi ni mtu mzima, atafikiri telefone ni mbaya. Mbaya zaidi inaweza kuwa nini?

Ijumaa, tarehe 10

Ninajua sasa.

Élie amerudi bila mawese. Uso wake wa majivu. Akaomba maji, akanywa, akaniuliza nimefanya nini.

Anasema walikusanyika kwenye baraza ya Mama Drocella, watu wa kwao na majirani. Wakaweka telefone juu ya ndoo ili wote waone. Wimbo ukaanza, ule wa "Tumefika Mulangoni". Mama Drocella akamwona kaka yake yuko mbinguni, hana sura, ameyeyuka ndani ya mawingu. Akaanguka na ndoo na telefone.

Na kosa ni langu mara mbili! Mtu akifa kwenye milima hii, jamaa wanakuja kwangu niwatengenezee clip ya kumaliza kilio. Namchukua marehemu, namtia mawingu, namtia flou. Wanalia, wanafurahi, wanaitunza. Miaka yote hii nimewafundisha watu kutoka hapa mpaka Buleusa kwamba mwenye flou amekufa. Hakuna mwalimu aliyeeleweka kama mimi.

Nikamuuliza Élie kwa nini hakuwaambia Papa Nzabandora ni mzima. Akasema aliwaambia. Aliwaambia alimwona Jumatano asubuhi akikamua, hana hata mafua. Ikawa mbaya zaidi. Wakalia kwamba ni kifo cha ghafula. Wamama wakafunga vitenge kiunoni, wazee wakachukua mikeka, mtu mmoja akatumwa Buleusa kuwaambia na wa kule. Leo Élie amewapita njiani. Wanakuja kwa miguu, wote, na ndizi na muhogo na mbuzi wa kilio. Kesho watafika.

Nikauliza kama walinililia na mimi, maana na mimi nilikuwa flou. Élie akafikiri. Akasema hapana.

Nimetafuta mpango mchana kutwa. Wa kwanza: kukimbilia Goma. Sina nauli. Wa pili: kumwambia Papa Nzabandora ukweli. Ana fimbo. Wa tatu ni mzuri. Kesho asubuhi nitamwambia ng'ombe wake mmoja ameanguka kwenye majani ya juu, mbali kabisa. Atapanda huko, hatapata kitu, atarudi jioni. Wakati huo mimi nitawapokea wageni peke yangu, nitawaeleza polepole, watacheka, watarudi Ntoto. Papa hatajua kitu. Kesho kutwa nitaomba mke.

Leo nitalala vizuri kidogo.

Jumamosi, tarehe 11

Asubuhi nilikwenda kumwambia habari ya ng'ombe aliyeanguka.

Papa Nzabandora alipanda palepale, na fimbo yake. Bibiche alikuwa ameshaenda shambani mapema, hakumwona baba akiondoka. Nikakaa kwenye uwanja wao, nimevaa koti, nikirudia hotuba yangu.

Nikasikia kilio kinapanda kilima. Sauti za wamama kwanza, kisha za wote. Walipoingia uwanjani sikupata nafasi ya kusema hata "karibuni". Mama Drocella alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kaka yake, kiko wazi mlangoni, akakikumbatia. Nikainua mkono. Nikasema jamani, ningependa kueleza jambo moja la teknike. Bibi mmoja akanishika, akalia kwenye koti langu.

Walipomtafuta marehemu ndani ya nyumba na kumkosa, wakafikiri ameshazikwa bila wao. Kilio kikawa na hasira. Ni mimi niliyempeleka mlimani! Angekuwa pale amekaa kwenye kiti chake, yote yangekwisha.

Kisha Bibiche akatokea na jembe begani. Aliona jamaa yote ya Ntoto chini, wamefunga viuno, shangazi anamwita baba yake kwa jina. Jembe likaanguka. Akakaa kwenye matope na akatoa sauti moja ambayo sitaki kuisikia tena maisha yangu yote.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia hakufa, Bibiche, hakufa. Akanishika mkono, akaniangalia machoni.

"Basi iko wapi?"

Nilikuwa najua. Neno moja tu lilitosha. Lakini kama ningesema "mlimani", angeuliza amefuata nini, na uongo wa ng'ombe ungejulikana. Nikanyamaza. Nimeandika hapa maana hakuna mtu wa kumwambia: nilinyamaza. Akaniachilia mkono.

Ni Christian aliyesikia lile swali. Alikuwa amefika na kuni, kama wanavyofanya vijana kwenye kilio. Akatupa kuni, akauliza watoto wa jirani, mmoja akamwonyesha njia ya juu. Akakimbia. Na ile shati yake! Kwenye matope yale!

Walirudi pamoja. Papa Nzabandora mbele, amekasirika kwa sababu hakuna ng'ombe aliyeanguka. Christian hakuwa na pumzi ya kumweleza kitu. Papa akasimama kwenye lango la uwanja, akaona watu, mikeka, mbuzi.

"Nani amekufa?"

Wengine waliruka ua. Yule bibi wa koti langu alipita katikati ya migomba na hatukumwona tena mpaka jioni. Mama Drocella peke yake alisimama, akamwendea, akamshika mashavu, pua, mustachi. Akaupapasa mustachi muda mrefu. Kisha akalia upya, lakini kilio kingine. Bibiche akamshika baba mguu, kama mtoto mdogo.

Baadaye telefone ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeiangalia alinigeukia mimi.

Mama Drocella hakupiga kelele. Alisema waliotoka Ntoto kwa miguu kulia hawarudi na njaa, na kwao mtu akililiwa akiwa mzima lazima ale pamoja na waliomlilia, na nyama inatoka kwa yule aliyemuua. Mama yangu, Mama Libérata, alikuwa amesimama nyuma. Alitoka. Akarudi anamvuta Bihogo kwa kamba. Alipita mbele yangu kama mimi ni upepo.

Mahari yangu imechemka kwenye sufuria mbele ya macho yangu. Wakanipa mfupa.

Jumapili, tarehe 12

Siku ya Mungu. Siku yangu! Nimeoga, nimevaa koti hilohilo, machozi ya bibi yamekauka begani. Nilijiambia labda bado. Watu wameshiba. Mtu aliyeshiba anasamehe.

Baada ya misa jamaa yote iliketi kwenye uwanja. Christian alikuwa anagawa maji ya kunawa. Alipomfikia Mama Drocella, shangazi alimshika kifundo cha mkono na kumwangalia uso.

"Huyu njo mwenye alikuwa ku mulango," akasema.

Wote wakakaza macho. Ni yeye kabisa! Yule wa duara la dhahabu. Wakamuuliza ni mtoto wa nani. Kumbe mama yake ni wa Buleusa. Kumbe bibi yake aliwahi kumlea mtoto wa Mama Drocella, shangazi alipougua. Wazee wa Buleusa walikuwepo palepale, maana mimi njo niliyewaita! Wakaanza kuitana shemeji kabla sijaelewa kinachotokea.

Mama Drocella akasema hivi: jamaa yote iko hapa, kuikusanya tena ni shida, barabara munaijua, na nyama imeshaliwa. Kwa nini tungojee? Christian alishtuka, maji yakamwagika. Aliapa hakuja kuomba kitu, alileta kuni tu. Hiyo nayo ikawapendeza.

Bibiche akaulizwa, kama inavyotakiwa. Akaniangalia, mara moja. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba jana, alipouliza baba yake iko wapi, mtu mmoja alikimbia kumtafuta. Na huyo anamkubali.

Wamama wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga makofi. Sijui mikono ilipata wapi nguvu.

Nikaenda kukaa nyuma ya zizi. Papa Nzabandora akanifuata. Nilifikiri atanipiga kwa fimbo, ningefurahi. Akasimama tu, akaangalia ng'ombe wake.

"Gustave, Bibiche alishanizungumuzia juu yako, juma yenye ilipita. Nikamwambia niko naitika. Leo tulikuwa nakungojea wewe."

Sikuelewa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikauliza, na Christian? Akasema hakuna mtu kwa nyumba yake aliyekuwa na mawazo ya Christian. Wakimwona kanisani wanaona mkono wake tu, unapiga mapigo.

"Ni wewe njo ulituonyesha uso wake," akasema. Akanigusa bega, akarudi kwa wageni.

Walikuwa wameshaitika! Tangu juma lililopita! Wakati najenga mlango wa dhahabu, nilikuwa tayari mkwe! Nililia pale nyuma ya zizi, nililia kweli. Nilimpenda sana huyu msichana. Mama yangu alinikuta, akaketi karibu nami kwenye jiwe. Kisha akasema twende nyumbani.

Jumatatu, tarehe 13

Wageni wamerudi kwao. Kilima kimetulia. Jua kali, plaque imejaa. Niliamka na huzuni, lakini nimefikiri sana, kama mtu mzima, na nimepata mwanga.

Nimejiuliza: kosa lilikuwa wapi? Si kwenye mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Shangazi alimwona kijana kwenye picha, akampenda, akamwoza binti. Yote yamekwenda sawasawa nilivyosema, ila kijana njo hakuwa mimi. Ni jambo la rangi tu, nyeupe na nyeusi.

Leo asubuhi amepita katekista wa upande wa soko, Papa Honoré, akiuliza bei ya clip ya familia. Ana binti, Généreuse, mshonaji. Sijui kama ananijua. Nimemwona kwa mbali akipima kitambaa, shingo yake nzuri. Sijamsemesha.

Mama ameniambia niende nimsalimie, niongee naye, nimuulize habari zake kama watu wengine wanavyofanya. Mama ni mtu wa zamani. Nimemweleza polepole, aelewe. Papa Nzabandora aliniitika bila kuona picha yangu hata moja, Bibiche alinikubali bila clip. Sasa afikiri mwenyewe itakuwaje kwa hawa, ambao clip wataiona kwanza!

Sitahitaji hata kumsemesha msichana. Ndani ya mashini nimeshaanza kujenga ngazi.